Mkanda Ulioungua

Usiku wa kuamkia mwaka mpya uliopita, mwanangu alinyoosha simu dirishani, akabonyeza mara moja, kisha akanionyesha picha ya fataki iliyotulia kama imechorwa kwa brashi. Hata hakuitazama mara ya pili. Akarudi kula chipsi zake. Mimi nikajikuta nimekasirika, hasira ya kweli, nikashindwa kumweleza mtoto wa miaka tisa kwamba picha ya namna ile ilinichukua miaka mitatu, na kwamba katika kuitafuta nilimpotezea mtu mwingine kitu ambacho sikuweza kukirudisha.

Nilikulia Lushoto. Mdogo wake baba, ambaye nilimwita baba mdogo Yona, alikuwa na studio ya picha karibu na soko, chumba kimoja chenye harufu ya poda. Poda ilikuwa kwenye kopo juu ya meza, pamoja na kitana kilichofungwa kamba kisiibwe, na koti la suti la kuazima ambalo nusu ya wanaume wa wilaya ile wamepigiwa nalo picha za pasipoti. Kila Jumamosi nilikwenda kumsaidia. Nilinyoosha pazia la nyuma lililochorwa maua na ndege inayoruka, niliandika majina kwenye bahasha, nilifuta vumbi. Nilikuwa darasa la tano, na kipenzi changu kilikuwa ile mikebe midogo ya plastiki ya kuhifadhia mikanda ya picha. Nilikuwa naifungua na kuinusa. Hadi leo siwezi kuieleza harufu ile, ila nikikutana nayo nitaijua gizani.

Ukutani palikuwa na kalenda ya miaka ya nyuma ambayo baba mdogo hakuiondoa kwa sababu ya picha yake. Ilikuwa picha ya mji fulani wa mbali, mto mpana, na juu ya mto fataki zimefunguka kama maua, nyekundu na dhahabu, kila uzi wa mwanga ukionekana tangu ulipoanzia hadi ulipozimikia. Siku moja nikamuuliza.

"Baba mdogo, hii wameipigaje?"

Alikuwa anakata picha za pasipoti kwa mkasi. Hakuinua kichwa.

"Sijui."

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo, tena kuhusu kazi yake mwenyewe. Nikadhani ananitania. Nikarudia swali, akaweka mkasi mezani.

"Nimejaribu mara mbili," alisema. "Mara mbili zote nimepata weusi mtupu. Aliyenifundisha kazi alinifundisha harusi na maiti. Fataki hakunifundisha."

Fataki tulikuwa nazo. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na hoteli ya wageni, na kila mwaka mpya wenyewe walirusha fataki kwa muda mfupi, dakika saba au nane hivi. Sisi watoto tuliziita fashifashi. Tulipotoka kwenye ibada ya mkesha tulisimama ukingoni mwa barabara, tumejifunika makhanga na mablanketi kwa baridi, tukapiga kelele kila moja ilipopasuka. Mwaka ule nikamwomba baba mdogo kamera. Alinipa, ikiwa imebakiza picha tano kwenye mkanda, na taa yake ya mwanga imefungwa juu.

Ilikuwa wazi kwangu: ni usiku, kwa hiyo ni lazima kuwasha taa ya kamera. Kila fataki ilipopasuka nikabonyeza, taa ikamulika, shangazi zangu waliosimama mbele wakageuka wakiwa wamefumba macho. Nilirudi nyumbani nikijua kabisa kwamba nimezipata zote tano.

Siku hizo mikanda ilisafishwa Tanga. Baba mdogo alimpa konda wa basi la asubuhi bahasha, na baada ya wiki moja hivi konda mwingine alirudi na picha. Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko muhula wa shule. Bahasha iliporudi nilihesabu picha mara tatu. Mkanda ulikuwa wa picha thelathini na sita. Zilirudi thelathini na moja. Harusi, mtoto mchanga, wazee wa kanisa. Fataki hakuna hata moja.

"Fundi ameziiba," nikasema.

"Nani?"

"Fundi wa Tanga. Amezipenda, akaziweka kwake."

Baba mdogo alicheka mpaka akakaa. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilimwona kabisa yule mtu, sebuleni kwake, amebandika fataki zangu ukutani anakunywa chai. Usiku ule nikamwandikia barua kwa kalamu nyekundu, kalamu ya walimu, ili aone kwamba sina mchezo. Nikamwambia shikamoo, kisha nikamwambia arudishe picha zangu tano, maana wizi ni dhambi hata kwa watu wa mjini. Nikaiingiza kwenye bahasha ya mkanda uliofuata bila kumwambia baba mdogo.

Jibu lilikuja. Lilikuwa nyuma ya risiti, kwa mwandiko wa kulala upande mmoja. "Mtoto mpendwa, marahaba. Picha zako sikuziiba. Hazikuwapo. Nimekurudishia negativu uangalie mwenyewe kwenye mwanga wa jua. Taa ya kamera haifiki angani, inamulika migongo ya watu tu. Usiitumie. Weka kamera mahali isipotikisika. Mwambie mkubwa wako aweke kwenye herufi B. Ukishikilia kitufe, kamera inabaki macho wazi mpaka utakapoachia. Acha fataki ijichore yenyewe. Mimi, Fundi."

Nilikwenda nje nikainua negativu, yaani ule mkanda wenyewe uliokwisha kusafishwa, juani. Kweli, katika moja niliona vivuli vya vichwa vya shangazi zangu.

Herufi B niliijua. Ilikuwa mwisho wa tarakimu kwenye gurudumu la kamera, na mimi niliamini ni B ya "basi", yaani ukifika hapo kamera inakoma. Baba mdogo naye alikiri hajawahi kuigusa. Aliambiwa na aliyemfundisha kwamba ni ya kuharibia mikanda. Tulifunga kamera juu ya stuli kwa mpira wa baiskeli, tukaijaribu bila mkanda. Nikabonyeza, nikashikilia, nikasikia mlango wake wa ndani ukifunguka, kimya, kisha nikaachia, ukafunga. Tulitazamana kama watu waliogundua chumba kingine ndani ya nyumba wanayoishi.

Nilingoja mwaka mzima. Usiku wa mwaka mpya uliofuata tulibeba stuli mimi na baba mdogo, tukaiweka ukingoni mwa barabara mapema, nikasimama karibu nayo mtu asiisukume. Kisha ukungu ukaja. Wanaoishi kule wanaujua: hauanzi mahali, unakuta tu mti uliokuwa mbele yako haupo. Fataki zilipoanza tulisikia mlipuko, tukaona ukungu unageuka wa kijani, kisha wa waridi, kama mtu anawasha na kuzima taa nyuma ya shuka. Nilipiga hivyo hivyo. Nilibonyeza nikilia kwa hasira.

"Acha, utamaliza mkanda," baba mdogo alisema.

"Kwa nini unakuja leo tu?" nilikuwa nauuliza ukungu. Jana yake anga lilikuwa jeupe. Kesho yake pia lilikuwa jeupe.

Picha zilirudi zikionyesha rangi ya maziwa. Fundi aliandika kikaratasi: "Sasa umepata kitu. Endelea." Nilikichana. Sikutaka kitu, nilitaka fataki.

Katikati ya mwaka ule usharika wetu ulifanya jubilei, na kamati ikatangaza kwamba jioni, giza likiingia tu, zitarushwa fataki uwanjani mwa kanisa. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mpiga picha wa siku ile. Alifanya kazi tangu asubuhi: maaskofu wageni, kwaya nne, watoto waliobatizwa. Jua lilipokaribia kuzama akawapiga wazee, mmoja mmoja, kwenye kiti mbele ya mlango wa kanisa.

Wa mwisho alikuwa Bibi Tabea. Huyu alikuwa mwanamke mkongwe kuliko wote usharikani, na maisha yake yote alikuwa amekataa kupigwa picha. Alisema anayemhitaji anajua anakokaa. Siku ile mchungaji alimbembeleza, na binti yake, Mama Ruthi, akamfunga kitambaa kipya kichwani. Bibi Tabea alikaa, akaweka kitabu cha nyimbo mapajani, akavuta miguu ndani kidogo kwa sababu viatu vilikuwa vya kuazima. Nilimshikia fimbo yake.

"Yona, itatoka?" aliuliza.

"Itatoka, bibi."

"Maana sirudii."

Watu wakacheka. Baba mdogo akampiga picha moja tu, akamshukuru. Kisha akanipa kamera, akaninong'oneza, "Zimebaki tatu. Ni zako. Usisahau B." Akaenda kula, maana tangu asubuhi hakuwa amekula.

Anga lilikuwa safi. Sijawahi kuona nyota nyingi kama jioni ile. Nilifunga kamera juu ya stuli karibu na baraza, chini ya balbu ya mlangoni, nikaelekeza juu. Fataki ya kwanza ikapanda. Nikashikilia, nikahesabu hadi nne, nikaachia. Nilijua imeingia, vidole vilijua. Nikavuta mkono wa kusogeza mkanda ili nipige ya pili. Ukafika nusu, ukagoma.

Leo ninajua kwamba mkanda ulikuwa umekwisha. Ulipofungwa asubuhi kwa haraka picha mbili za mwanzo zilipotea, na hesabu ya baba mdogo ilikuwa na makosa. Lakini wakati ule nilijua kitu kimoja: anga ni safi, kamera imetulia, B ni B, na sasa chuma hiki kimeamua kunikatalia. Nyuma yangu watu walikuwa wanashangilia. Nilivuta. Nikavuta tena kwa nguvu zote. Fataki tatu zikapasuka kwa pamoja, uwanja mzima ukawa mwekundu, na mimi nimeinamia stuli nagombana na kijichuma. Nikafikiri kuna kitu kimekwama ndani. Nikavuta kitasa cha pembeni, mgongo wa kamera ukafunguka.

Mkanda ulikuwa pale, wa kahawia, umenyooka, unang'aa chini ya balbu. Haikufika sekunde tatu. Nilipousukuma mfuniko ukarudi, nilijua nimefanya nini. Mtoto anayeshinda studio kila Jumamosi anajua jambo hilo moja kabla ya mengine yote: mkanda ukiona mwanga, umeungua.

Sikusema. Baba mdogo aliporudi anapangusa mikono akauliza, "Umezipata?" nikasema, "Umeisha." Akazungusha mkanda, akautia kwenye mkebe wake, akautia mfukoni. Kesho yake uliondoka kwenda Tanga na mimi nikaanza kuomba kila usiku, maombi ya kipuuzi, kwamba mwanga wa balbu usiwe mwanga.

Siku ya sita Bibi Tabea akafariki usingizini.

Mama Ruthi alikuja studio yeye mwenyewe, macho yamevimba, amefunga khanga kiunoni. Nilimsalimu shikamoo, akaniitikia. Akamwambia baba mdogo kwamba mazishi ni keshokutwa, kwamba wangependa ile picha ikuzwe iwekwe juu ya jeneza, na wajukuu waliokuwa Dar waione, maana wengine walikuwa hawajamwona tangu utotoni mwao. "Hatuna nyingine," alisema. "Unajua mwenyewe."

"Nitaifuata mimi Tanga," baba mdogo akajibu. "Kesho jioni mtakuwa nayo."

Nilikuwa nimeshika kopo la poda. Huo ndio uliokuwa wakati wa kusema, na ninaukumbuka kila kipande chake: mkasi mezani, baiskeli inayopita nje, Mama Ruthi anatafuta kitambaa cha kufutia pua. Nikafunika kopo, nikalirudisha mezani.

Alfajiri baba mdogo alipanda basi la kushuka Mombo ili aunganishe la Tanga. Nilimsikia anapita uani, anakohoa kwa baridi. Alirudi jioni sana, viatu vimejaa vumbi la kule chini, akanikuta namngoja mlangoni kwake. Akatoa bahasha, akapanga picha mezani. Maaskofu, safi. Kwaya, safi. Watoto wa ubatizo, safi, maana walikuwa ndani zaidi ya mviringo wa mkanda. Wazee walianza kugeuka rangi ya chungwa pembeni. Fataki yangu haikutoka kabisa. Ya mwisho, ya Bibi Tabea, ilikuwa moto mtupu, na chini yake, kwenye kona, jozi ya viatu vilivyovutwa ndani.

"Fundi anasema kamera ilifunguliwa," alisema.

"Ni mimi."

Nilisubiri kofi, na ningelishukuru.

"Nilipokuwa napanda basi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na jana Mama Ruthi alipokuwa amesimama pale studio?"

"Ndiyo, baba mdogo."

Akaketi kitandani akaanza kuvua viatu, taratibu, kama mzee. "Kuharibu mkanda si kitu," alisema. "Nimeshaharibu mingi. Lakini umeniacha nikaenda." Kesho yake asubuhi akanipeleka msibani, akasimama kwenye njia ya kuingilia, akasema, "Nenda umwambie mwenyewe."

Mama Ruthi alikuwa jikoni na akina mama wengine, katikati ya moshi na masufuria makubwa. Nikapiga goti, nikasalimu, nikasema yote kwa pumzi moja. Akina mama waliacha kumenya. Mama Ruthi aliniuliza kwa Kishambaa, lugha ya nyumbani, kana kwamba Kiswahili hakikutosha: nilikuwa nafungua kamera ili nipate nini?

"Nilitaka kupiga fataki, mama."

"Fataki."

"Ndiyo."

Alilirudia neno lile polepole, analionja. Nikamsubiri anifukuze. Badala yake alinisogezea kisu kwa mguu. "Menya viazi," akasema. Nilimenya mpaka saa sita mchana, na katika muda wote ule hakuna aliyenisemesha. Jeneza lilipotoka lilikuwa na msalaba na maua ya bustani. Wajukuu wa Dar waliniangalia. Nadhani waliniangalia. Huenda hawakujua hata mimi ni nani.

Kuanzia siku ile, tulipokutana sokoni au kanisani, Mama Ruthi aliitikia "marahaba" akiwa anatazama kitu kingine. Mimi nikaacha kwenda studio. Mwezi Desemba baba mdogo akaja nyumbani, akaniwekea mapajani mkebe ambao haujafunguliwa.

"Sitaki," nikasema.

"Sijakupa zawadi. Nimechoka kuitazama ile kalenda bila kujua. Huu ni mkanda mpya, hauna mtu ndani yake. Ukiungua, umeungua."

Fundi alikuwa ametuma maelekezo mapya, safari hii kwa baba mdogo: kamera ilazwe juu ya kiroba cha maharage, ikae kama kichwa juu ya mto, tundu la lenzi lipunguzwe, kipande cha kadibodi nyeusi kizibe lenzi kati ya mlipuko na mlipuko. Usiku ule wa mwaka mpya baba mdogo alishika kadibodi na mimi nikashika kitufe. Tulihesabu tu. Ukungu ulikuwa chini bondeni, haukupanda. Sikuona fataki hata moja kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa natazama kidole changu.

Kati ya picha thelathini na sita, thelathini na nne zilikuwa takataka: moshi, mistari iliyokatika, nusu ya mkaratusi. Mbili zilitoka. Moja ilitoka kama ya kalenda, ila badala ya mto kulikuwa na mgongo wa mlima wetu. Baba mdogo akaikuza, akaiweka dirishani mwa studio. Watu walisimama kuuliza ni Ulaya ipi hiyo. Nilikuwa nimeingoja miaka mitatu, na kila mtu alipoisifia nilitamani kuigeuza iangalie ukutani.

Wiki ya pili Mama Ruthi akaingia. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na ilikuwa Jumamosi. Alisimama mbele ya dirisha kwanza, nikamwona kupitia kioo, mkoba wake ameubana kwapani. Kisha akaja ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa ananitazama. "Hiyo ndiyo mliyokuwa mnaitafuta?"

"Ndiyo."

"Haya."

Akakaa kwenye kiti mbele ya pazia, akakataa poda, akakataa kitana. Baba mdogo akaichukua kamera, Mama Ruthi akainua mkono.

"Si wewe, Yona. Huyo."

Nilipokea kamera. Nilipima mwanga, nikapima tena, nikamwomba ainue kidevu. Yeye alikuwa amenyooka kama anasubiri sindano, mikono juu ya magoti.

"Piga mbili," akasema. "Moja ikiungua, inabaki nyingine."

Nikapiga mbili. Zote zilitoka vizuri. Katika zote mbili hakucheka.